Je, Ni Faida Kuchoma Mahindi?

Mzee mmoja wa usharika wetu ana kijana asomaye Marekani, katika jimbo la Iowa. Wakati wa masika kijana huyo alimwandikia baba yake kumweleza mambo ya huko, na katikati ya habari za baridi na za masomo akataja jambo dogo. Alipokwenda na rafiki yake kutia mafuta katika motokaa, aliona pampu imebandikwa maandishi ya kusema kwamba ndani ya petroli ile mna spiriti ya mahindi, sehemu 10 katika 100. Mzee aliposoma hayo alifadhaika. Yeye ni mtu aliyeiona njaa kwa macho yake, naye akajibu kwa swali moja tu: Je, ni halali kuchoma chakula? Kijana akaleta jibu upesi, ya kwamba baba asihangaike, maana nguvu inayopatikana katika spiriti hiyo yaipita nguvu iliyotumika kuitengeneza. Kwa hiyo ni faida. Lakini akaongeza kwa unyofu kwamba mwalimu wake mmoja husema kinyume, kwamba ni hasara tupu. Mzee ametuletea barua zote mbili, ataka tumwamulie.

Kabla ya kujibu, tusimulie habari ya nyumbani. Twamjua mtu mmoja aliyefuga kuku. Kila Jumamosi aliuza mayai sokoni, akaziandika fedha zake katika daftari, na mwisho wa mwaka akatangaza mbele ya jamaa kwamba amepata faida. Mkewe alikuwa ameketi kando akipepeta mchele. Akauliza, “Baba watoto, mahindi waliyokula kuku hao yalitoka ghala gani?” Yalitoka ghala ya nyumba, na aliyeyalima ni yeye mke. Yule bwana hakusema uongo; kila senti aliyoiandika aliipokea kweli. Ila daftari lake lilianza mlangoni pa banda la kuku, na la mkewe lilianza shambani.

Basi mzozo wa kijana na mwalimu wake ni wa namna hiyo: daftari lianzie wapi, na likomee wapi? Na swali la mzee ni jingine kabisa, ijapokuwa huenda yeye mwenyewe hajaiona tofauti. Tutaanza na la kijana, kwa kuwa lina hesabu, na hesabu yaweza kuchunguzwa.

Kwanza yafaa tujue jinsi kitu chenyewe kifanywavyo. Mahindi ya Iowa, Nebraska na Illinois, nayo ni ya manjano, huletwa kiwandani, yakasagwa, yakachanganywa na maji, yakapikwa kama uji. Humo hutiwa vimeng'enya, navyo huugeuza wanga kuwa sukari. Kisha hutiwa hamira, nayo huila ile sukari na kuacha spiriti, ambayo wataalamu huiita ethanoli. Baada ya siku mbili tatu uji umekuwa namna ya pombe, wala spiriti iliyomo haipiti sana sehemu 15 katika 100. Hapo ndipo kazi kubwa ya moto inapoanza, maana pombe hiyo haina budi kukenekwa: huchemshwa, mvuke wa spiriti ukatangulia kupanda, ukapozwa, ukakusanywa. (Wasomaji wajuao jinsi moshi upikwavyo vichakani wataielewa kazi hii mara moja, hatutawauliza walijifunza wapi.) Wala kukeneka peke yake hakutoshi. Spiriti ikifika 95 hivi katika 100, maji yaliyosalia hushikamana nayo hata hayatengani tena kwa kuchemshwa, ikabidi yaondolewe kwa njia nyingine. Mwisho hutiwa petroli kidogo ndani yake ili mtu asiinywe.

Katika busheli moja ya mahindi, yaani kilo 25 na kitu, hupatikana lita 10 na nusu hivi za spiriti, na kilo 7 hivi za machicha makavu, ambayo hulishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Tuyakumbuke machicha hayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya vita vya wataalamu imepigwa juu yake.

Sasa moto ule hutoka wapi? Katika viwanda vingi vya Marekani hutoka katika gesi ya ardhini, na katika vingine ulitoka katika makaa ya mawe. Tena si moto wa kiwandani tu. Trekta hula dizeli, na lori lipelekalo mahindi hula dizeli. Mahali penye mvua chache, kama magharibi ya Nebraska, mitambo huvuta maji kutoka chini ya ardhi. Lakini ulaji mkubwa wa shambani ni wa kimya, nao ni mbolea. Mwaka wa 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha jinsi naitrojeni iliyo katika hewa iwezavyo kugeuzwa kuwa amonia. Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda, na mwaka wa 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kuitoa kwa wingi. Kazi hiyo yataka joto na mgandamizo mkubwa, na siku hizi kwa sehemu kubwa hutumia gesi ya ardhini. Mkulima wa Iowa amwagaye amonia katika shamba lake, kwa kweli amwaga gesi iliyobadilishwa sura. Mtu apitaye njiani huona jua, mvua na majani mabichi tu, wala hakioni kile kisima cha gesi kilicho chini ya hayo yote.

Kulinganisha nguvu itokayo na nguvu iingiayo hivyo kuna historia yake. Mmarekani Charles Hall, aliyelieneza sana swali hili, aliliona kwanza kwa kuwachunguza samaki wapandao na kushuka mto. Samaki apandaye hutumia nguvu ya mwili wake. Asipopata huko juu chakula kipitacho alichopoteza njiani, aina yake itakwisha. Kwa samaki hapana mjadala, hesabu mbaya ni mauti. Kwa wanadamu jambo ni gumu zaidi, kwa maana mwanadamu aweza kufanya kazi ya hasara miaka mingi, mradi yuko mwingine wa kumlipa. Na katika habari hii mlipaji alikuwapo. Baada ya nchi za Waarabu kuzuia mafuta yao mwaka wa 1973, Marekani ilitafuta njia ya kujitegemea, na sheria ya mwaka wa 1978 ikaipunguzia ushuru petroli iliyochanganywa na spiriti. Msaada huo uliendelea kwa sura mbalimbali hadi mwisho wa mwaka wa 2011. Halafu sheria ya mwaka wa 2005, iliyopanuliwa mwaka wa 2007, iliwalazimisha wauzaji wa mafuta kuchanganya spiriti, watake wasitake. Penye ruzuku na amri, soko peke yake haliwezi kutuambia kama kazi ina faida. Ndiyo sababu watu walianza kuhesabu nguvu badala ya fedha.

Aliyepiga kelele ya kwanza yenye kusikika sana ni David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyefariki mwaka wa 2019. Mwaka wa 1980 aliongoza kamati iliyoishauri Wizara ya Nishati, nayo haikuona faida katika spiriti ya mahindi. Hakunyamaza tena. Mwaka wa 2005 yeye na Tad Patzek wa Chuo Kikuu cha California walichapa hesabu kwamba spiriti ya mahindi hutaka nguvu ya visukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe, 29 katika 100 zaidi ya nguvu iliyomo ndani yake. Upande wa pili walisimama watu wa Wizara ya Kilimo, Hosein Shapouri na wenzake. Wao mwaka wa 1995 walipata kwamba kila kipimo 1 kiingiacho hutoa vipimo 1.24, mwaka wa 2002 wakasema 1.34, mwaka wa 2004 wakasema 1.67.

Je, mmoja wao ni mwongo? Sisi hatudhani hivyo. Walihesabu mahindi yale yale, na moto ule ule, kama mume na mke wa habari yetu walivyohesabu kuku wale wale. Pimentel alianza mbali. Alihesabu nguvu iliyotengeneza chuma cha trekta, na hata nguvu ya kumtunza mfanyakazi wa shambani. Wa Wizara walianza karibu zaidi, wakachukua takwimu za mashamba mapya yenye mavuno makubwa na za viwanda vipya vyenye ubadhirifu mdogo. Tena wakayahesabia machicha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika, kwa kusema kwamba machicha ni chakula cha mifugo ambacho kingelimwa kwa njia nyingine kama kisingepatikana hapo. Uzito wa jambo hilo moja waonekana katika hesabu yao wenyewe ya mwaka wa 2004: pasipo kuyahesabia machicha kitu, ile 1.67 hushuka hadi 1.06.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana ndipo penye kiini. Mfanyakazi wa shambani angekula hata kama mahindi hayo yasingelimwa. Kwa nini basi chakula chake kiandikwe juu ya mahindi? Jibu la kwanza ni kwamba hakifai kuandikwa. Lakini tukisema hivyo, twasema kwamba kazi ya mtu haina gharama kwa kuwa mtu yupo tu. Na hilo ndilo alilolisema yule mfuga kuku bila kujua, alipoacha kuandika jasho la mkewe. Kwa upande mwingine, tukiandika chakula cha mfanyakazi, mbona tusiandike na nyumba yake, na shule ya watoto wake, na barabara apitayo? Daftari halitakoma mpaka limeimeza dunia nzima. Kila mwenye kuhesabu hana budi kukata mahali. Kukata si dhambi. Kosa ni kukata kisha kuuficha mkato, au kuchagua mahali pa kukata baada ya kujua ni jibu gani litakalopendeza. Katika mzozo huu tumeona pande zote mbili wakirudia nambari zao majukwaani bila kutaja mipaka yake, na wasikilizaji wakachagua nambari kama watu wachaguavyo timu ya mpira.

Januari mwaka wa 2006 Alexander Farrell na wenzake, wa chuo kile kile cha California, walifanya kazi iliyofaa kufanywa mapema. Walizichukua hesabu 6 za watu mbalimbali, wakaziweka juu ya mizani moja yenye mipaka ile ile, wakachapa katika jarida la Science. Wakaona kwamba zile zilizotoa hasara hazikuyahesabia machicha, tena zilitumia baadhi ya takwimu zilizopitwa na wakati. Mizani ikisawazishwa, faida yaonekana, ila ni ndogo. Mwaka huo huo watu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipata faida ya 25 katika 100, wakaeleza kwamba karibu yote ni ya machicha. Baadaye viwanda viliendelea kupunguza moto, na mashamba yakaendelea kuzaa zaidi, hata mwaka wa 2016 Wizara ya Kilimo ikataja hesabu ya yapata 2 kwa 1. Kwa hiyo, kama tungeulizwa neno moja, tungesema kijana yuko karibu zaidi na kweli kuliko mwalimu wake. Spiriti ya mahindi ya leo hutoa nguvu kupita ile ya visukuku itumikayo kuifanya.

Lakini tuangalie faida hiyo ni ya ukubwa gani. Tuseme ni 25 katika 100. Maana yake ni kwamba kwa kila vipimo 5 vya nguvu vitokavyo kiwandani, spiriti na machicha pamoja, vipimo 4 vimekwisha kulipwa kwa gesi, dizeli na mbolea. Kipya ni kimoja. Mtu aonaye lori limejaa spiriti hudhani ameona lori zima la nguvu mpya, kumbe ameona sehemu ya tano. Hata hesabu ikiwa 2 kwa 1, nusu ya lori ni deni. Wale wa Minnesota walipiga hesabu ya mwisho yenye kushangaza. Kama mahindi yote ya Marekani ya wakati ule yangegeuzwa spiriti, pasibaki hata punje ya kuku, yangetosha sehemu 12 katika 100 ya petroli iliyotumika nchini. Na ukiondoa deni, nguvu mpya ingekuwa 2.4 katika 100.

Msomaji ataona kwamba tumekwisha kuhukumu. Bado, maana yako mambo ya kusema upande wa pili, nayo ni ya kweli. Nguvu haihesabiki kama sarafu za aina moja. Mama wa mjini anunuapo gunia la makaa, ananunua kitu kilichotengenezwa kwa hasara: katika tanuri la udongo zaidi ya nusu ya nguvu ya kuni hupotea kabla makaa hayajafika mlangoni pake. Wala mama huyo si mpumbavu. Makaa hayana moshi mwingi, hubebeka, na huwaka polepole. Hali kadhalika umeme utokao katika makaa ya mawe una nguvu pungufu sana kuliko makaa yenyewe, na hakuna asemaye tuzime taa. Gesi ya ardhini haiingii kwa urahisi katika tangi la motokaa ya kawaida, spiriti huingia. Farrell na wenzake walionyesha kwamba katika kutengeneza spiriti mafuta ya petroli yatumikayo ni kidogo mno, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto ni gesi na makaa ya mawe. Kwa hiyo mtu aogopaye kuyategemea mafuta ya nchi za mbali, spiriti yamsaidia kweli, hata kama faida ya nguvu ingekuwa sifuri. Na mtu aogopaye moshi unaopasha dunia joto, yamsaidia kidogo sana, au haimsaidii.

Basi hasara si ushahidi wa upumbavu. Je, faida ni ushahidi wa haki? Hapa twapenda kumpeleka msomaji Brazil. Huko spiriti hufanywa kwa miwa, na tangu mwaka wa 1975 serikali iliisimamia kazi hiyo kwa mpango mkubwa. Mwenye kiwanda cha miwa hanunui gesi ya kukenekea. Huchoma makapi ya miwa ile ile aliyoikamua. Kwa sababu hiyo hesabu yake ni nzuri sana, mara nyingi hutajwa yapata 8 kwa 1. Sasa tumweke yule mzee wetu mbele ya kiwanda cha Brazil, tumwambie habari ya 8 kwa 1. Je, swali lake limejibiwa? Twadhani atatuangalia kwa mshangao. Yeye hakuuliza kama moto walipa. Aliuliza kama ardhi iwezayo kulisha mtu yafaa ilishe chombo. Hata faida ikiwa 100 kwa 1 swali hilo lasimama vile vile. Pengine lasimama kwa ukali zaidi, maana kadiri kazi ilipavyo, ndivyo inavyotaka ardhi zaidi. Nadhani kijana alipomjibu baba yake kwa hesabu, alimjibu mtu mwingine.

Kwa hiyo na tulishike swali la mzee lenyewe, kwa haki. Tangi la motokaa la lita 50, kama lingejazwa spiriti tupu, lingetaka mahindi kilo 120 hivi, yaani gunia moja na zaidi. Mtu alaye nusu kilo ya unga kwa siku angeishi kwa mahindi hayo miezi 8 karibu. Hesabu hii huwapendeza wenye kuhutubia, nasi twakiri kwamba hutuchoma. Lakini si hesabu kamili. Sehemu ya uzito ule hurudi kuwa machicha. Tena sehemu kubwa ya mahindi ya manjano ya Iowa haikuwa ya kupika chakula cha watu tangu zamani. Ililishwa mifugo, ili watu wenye fedha wale nyama. Mtu akiuliza kwa nini mahindi yaingie katika motokaa, hana budi kuuliza pia kwa nini yaingie katika nguruwe, nalo ni swali ambalo wengi wetu tupendao nyama siku ya sikukuu hatulitaki.

Wala wakulima wa Iowa si watu wabaya. Mwaka wa 2005 busheli ya mahindi iliuzwa kwa dola 2 hivi, bei ambayo wengi hawakuweza kurudisha gharama zao. Wakulima wengi walichanga fedha wakajenga viwanda vya ushirika, ili faida ibaki katika miji yao midogo iliyokuwa ikihamwa na vijana. Nani kati yetu aliyepata kuuza kahawa kwa bei ya aibu atakayewahukumu? Walitafuta mnunuzi, wakampata.

Ila mnunuzi huyo amekuwa mkubwa mno. Zaidi ya theluthi moja ya mahindi yote ya Marekani sasa huenda kwenye viwanda vya spiriti, na nchi hiyo hutoa galoni zipatazo bilioni 15 hadi 16 kwa mwaka. Januari mwaka wa 2007 makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika jiji la Mexico kwa sababu bei ya tortilla, mkate wao wa mahindi, ilikuwa imepanda. Sababu zilikuwa nyingi, wala si spiriti peke yake. Lakini soko la mahindi ni moja, na anayenunua kwa amri ya sheria humsukuma yule anunuaye kwa njaa. Utafiti wa Tyler Lark na wenzake, uliochapwa mwaka wa 2022, ulikadiria kwamba sheria ile ilipandisha bei ya mahindi kwa 30 katika 100, na kwamba mashamba yaliongezeka hata moshi wa spiriti, pamoja na ule utokao katika ardhi iliyopasuliwa upya, hauwi pungufu ya ule wa petroli. Mwaka wa 2008 Timothy Searchinger alikuwa amekwisha kuonya jambo la namna hiyo: shamba likigeuzwa la spiriti hapa, msitu hukatwa kwingine ili chakula kilimwe. Daftari linalokoma kwenye uzio wa Iowa halitauona msitu huo.

Lakini jambo lililotuamulia sisi ni la mwaka wa 2012. Mwaka huo ukame mkali uliyapiga mashamba ya Marekani, mahindi yakakauka mashinani, na bei ikapita dola 7 kwa busheli. José Graziano da Silva, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, aliomba hadharani amri ya kuchanganya spiriti isimamishwe kwa muda. Magavana wa majimbo kadhaa, wenye wafugaji wasioweza tena kununua chakula cha mifugo, waliomba vivyo hivyo. Mwezi wa Novemba serikali ilikataa. Ilipima ombi lile kwa maneno ya sheria, ikaona kwamba madhara ya kiuchumi hayakufikia kiasi kilichotakiwa. Huenda hata kwa hesabu haikukosea. Lakini tuliposoma hayo tuliona kwamba katika mwaka wa upungufu motokaa ilikuwa na haki iliyoandikwa, na mwenye kula hakuwa na haki kama hiyo. Mwenye nyumba alishaye kuku mahindi ya ghala mwaka wa mavuno mengi, hatumlaumu. Akiendelea kuwalisha hivyo mwaka wa njaa kwa kuwa amewaandikia kuku mkataba, tatizo si faida ya mayai tena.

Tumemjibu mzee kwa barua fupi. Tumemwambia kwamba mwanawe hakumdanganya: hesabu ya nguvu hutoa faida, ijapokuwa ni nyembamba kuliko vijana wadhanivyo, na hutegemea sana ni nani aliyeyapima machicha. Tumemwambia pia kwamba kuchoma mahindi ya ziada si haramu machoni petu, kama vile kuyalisha mifugo si haramu. Lakini sheria inayomtanguliza motokaa mbele ya mtu katika mwaka wa ukame, hiyo hatuwezi kuitetea kwa nambari yoyote, iwe 1.06 au 8. Na kijana tumemwomba, kwa kuwa yuko huko huko na kiwanda hakiko mbali na chuo chake, aende siku moja akaulize mambo mawili: moto wa mtambo wao hutoka wapi, na mwaka ule wa 2012 wao walifanya nini, walipunguza kazi au waliendelea.

Barua yake haijafika bado. Ikifika, tutaichapa katika ukurasa huu.